Malalamiko Dhidi ya Mpimaji Aliyeushusha Uwanja Wangu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Upimaji Ardhi,

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu anayekuandikia huku mkono mmoja ukiizuia karatasi isiteleze mezani. Natumaini wewe na ofisi yako hamjambo, na kwamba sakafu yenu bado imekaa sawa.

KUH: MPIMAJI WENU KUSHUSHA ARDHI BILA IDHINI YA MWENYE ARDHI

Mimi ni fundi wa kuchimba visima kwa mashine. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini, na mtaani wananiita Fundi Kina, jina nililojipa mwenyewe kisha nikawasisitizia watu mpaka wakalizoea. Katika mtaa wetu peke yake nimechimba visima sitini na vitatu. Cha kwanza kiko uwanjani kwangu, na mwaka huu kimetimiza miaka kumi na miwili. Siku maji yalipotoka majirani walipiga makofi, na mimi, badala ya kufunga vali, nilisimama nikiwapungia mkono kama bwana harusi, nikalowa mpaka soksi. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mkubwa. Dobi akataka kisima, mwoka mikate akataka, shule ikataka, mwosha magari akataka viwili. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba mtaa umetosheka.

Miezi mitatu iliyopita ofisi yako ilimtuma mpimaji mtaani kwetu. Alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, akaanzia kwenye jiwe la kilimani nje ya mji, ambalo anadai halijasogea tangu liumbwe, akapima akija mpaka getini kwangu. Niseme mapema, ili nisionekane nimeficha kitu, kwamba mpimaji huyo ni binti yangu wa pili. Ripoti yake inasema kwamba kwa miaka kumi na miwili ardhi ya mtaa wetu imeshuka mita moja na sentimita ishirini na moja, na kwamba sababu ni visima. Anaomba vifungwe vyote, na familia zilizo katika nyumba mbovu zaidi zihamishwe kabla ukuta haujamwangukia mtu.

Najua kwamba Alhamisi kamati yako inakaa. Najua pia kwamba Naibu wako haziamini takwimu hizo, na kwamba zikionekana ni za kupika, binti atamwaga unga. Mimi sitaki afukuzwe, Mheshimiwa. Nataka tu ionekane kwamba amekosea kila kitu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba kabla ya mpimaji kuja, ardhi ilikuwa haijashuka. Au kama ilikuwa imeshuka, ilishuka kimyakimya, kwa adabu, bila kumwandikia mtu ripoti. Nyufa zilikuwepo, sikatai, lakini nyumbani tulikuwa tukiziita mistari. Mke wangu alizifunika kwa kalenda. Sebuleni tuna kalenda saba, sita kati yake ni za miaka iliyopita, na mgeni akiuliza tunamwambia ni kumbukumbu. Mpimaji alizifunua moja baada ya nyingine. Ya kwanza akaingiza kidole, ya pili vidole viwili, na ile iliyo nyuma ya kabati akaingiza kiganja kizima, kisha akanitazama. Kuanzia siku hiyo mistari ikawa nyufa. Nauliza kwa heshima zote: ni nani basi aliyeleta nyufa nyumbani kwangu?

2. Kwamba mlango wa jikoni haufungi na mlango wa chumba cha wageni haufunguki. Ule wa jikoni nimeupiga randa mara nyingi mno, na sasa kuku wa jirani wanapita chini yake bila kuinama. Kuhusu ule wa pili, mama mkwe wangu alikuja kutusalimu kwa siku tatu. Siku ya pili mlango uligoma, tukawa tunampitishia chai dirishani mpaka alasiri, nilipoung'oa kwa mtaimbo. Alitoka akiwa ameshika mkoba wake. Aliniangalia tu kuanzia kichwani mpaka miguuni, nami nikajua kwamba miaka yote ile ya kuitikia "Naam, Mama" huku nimeinamisha kichwa imekwenda bure. Katika ripoti tukio hili limeelezwa kuwa ni "fremu kupinda kwa sababu ya ardhi kushuka bila usawa". Naomba liandikwe upya kuwa ni ajali, maana mke wangu ameisoma ripoti na sasa ana ushahidi wa maandishi.

3. Kwamba sufuria imeinama. Mchuzi wote hukaa upande wa dirishani, na upande wa mlangoni hubaki viazi vikavu. Tangu ripoti itoke, mimi hupakuliwa kutoka upande wa mlangoni.

4. Kwamba katika ukurasa wa tisa mpimaji ameweka jedwali la visima vyote sitini na vitatu. Safu ya kwanza ni mwenye kisima, ya pili ni kina chake, ya tatu ni jina la mchimbaji. Safu hii ya tatu ina jina moja kuanzia juu mpaka chini, mara sitini na tatu, na kila mara limetanguliwa na "Bw.", kana kwamba mimi naye hatujuani. Huyu ni mtoto niliyembeba mabegani ili auone mtambo ukizunguka. Kuhesabu alijifunzia kwenye mabomba yangu. Angeweza kuandika "mafundi mbalimbali" na dunia isingesimama. Nilimweleza hivyo kwa upole, yaani bila kupiga meza zaidi ya mara moja. Akanijibu kwamba fundi ni mmoja tu, Baba, na macho yakamlenga machozi. Nikaanza kutafuta miwani yangu chumba kizima, na nilikuwa nimeivaa.

5. Kwamba sababu anayoitoa haimfai mtu wa hadhi yangu. Wiki moja kabla ya kuikabidhi ripoti alikuja kula nasi chakula cha mchana. Baada ya kula akachukua sponji ya kuoshea vyombo, akailoweka chapachapa, akaiweka mezani mbele yangu na juu yake akaweka kikombe. Akasema chini ya mtaa wetu kuna tabaka nene za udongo wa mfinyanzi, na maji yaliyomo ndani yake yanausaidia udongo kubeba mzigo ulio juu. Tukiyanyonya, udongo unabanana na vyote vilivyo juu vinashuka nao. Akaibinya sponji pembeni, maji yakatoka, kikombe kikashuka. Mke wangu akasema ahaa. Mimi nikasema sponji si ardhi. Nikamwambia nimeitoboa ardhi hii mara sitini na tatu na sijakutana na sponji hata moja.

Ili kumaliza ubishi nilifanya utafiti wangu. Nilirudisha mapipa manne ya maji ardhini, nikiyamwaga taratibu nyuma ya choo, kisha nikakaa kwenye kigoda na pima maji mkononi nikisubiri uwanja upande. Nilikaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua likanifika utosini. Haukupanda hata unywele. Kwa hiyo habari ya maji ni uongo. Baadaye nikakuta kwamba katika ukurasa wa kumi na mbili ameandika kuwa udongo wa namna hii ukishabanana haurudi tena ulivyokuwa, hata ukinyweshwa. Huku ni kujitetea kabla ya kushtakiwa, na sioni kama ni uungwana. Mke wangu amenikumbusha kwamba maji ya mapipa yale niliyavuta kutoka kisimani kwetu. Hoja yake nimeipokea na sitaijibu.

6. Kwamba mpimaji hakuchunguza kabisa suala la uzito. Kama ardhi imeshuka, basi kuna mtu anaikandamiza. Dobi ameongeza ghorofa, na kila siku anatundika huko juu nguo mbichi za watu wasiopungua hamsini. Je, mpimaji ameuliza uzito wa suruali moja iliyolowa? Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili ana chumba kizima cha vitabu na bado anaazima vingine. Mwoka mikate anapokea magunia ya unga kila Jumatatu, yote kwa mkupuo, bila kuihurumia ardhi. Kwa hiyo napendekeza:

(a) wakazi wote wapimwe uzito kabla na baada ya kula, na orodha ibandikwe kwenye ukuta wa shule;

(b) makabati mazito yahamishiwe upande wa juu wa mtaa wiki moja na upande wa chini wiki inayofuata, ili ardhi isichoke upande mmoja;

(c) mwalimu mstaafu asome kitabu kimoja kimoja, akikimaliza akirudishe;

(d) ardhi yenyewe ipewe onyo la maandishi, nakala nibaki nayo mimi.

Mimi sijitoi. Tangu kisima changu kianze kutoa maji nimeongezeka kilo ishirini na mbili, na kwa sehemu hiyo ya kushuka nakubali lawama zote.

7. Kwamba mpimaji amempuuza shahidi mkuu kuliko wote, yaani bomba langu. Mheshimiwa, kila kisima kina bomba la chuma lililosimama chini kabisa, kwenye mwamba, na kichwa chake kimetokeza juu ya ardhi. Ardhi ikishuka, bomba halishuki pamoja nayo. Linabaki pale pale, kwa hiyo kichwa kinazidi kutokeza. Hili analijua kila fundi. Siku nilipokamilisha kisima changu niliijaza fomu yenu kwa mkono wangu mwenyewe: bomba limetokeza sentimita sitini. Mwezi uliopita Naibu wako alikuja na fomu hiyo hiyo, akachutama, akapima. Sitini na tatu. Zile tatu akazisamehe. Akaenda kwa dobi, akakuta sitini na mbili. Akaenda kwa mwoka mikate na shuleni, akakuta sitini na sitini na moja. Alirudi kwangu anatabasamu, akanipiga begani, akasema kama ardhi ingeshuka zaidi ya mita basi mabomba haya yangekuwa yanatupita vichwa, na kwamba binti ametia chumvi. Nikamtilia chai ya pili. Chai yangu mwenyewe, sijui kwa nini, niliimwaga nje.

Naomba sifa hii pia isinipite. Mabomba ya mtaa wetu yasingekuwa nadhifu hivyo kama si huduma ninayotoa. Kila mwaka baada ya mvua huwa yamerefuka kidogo, vidole sita au saba, bomba linaanza kukaa vibaya na ndoo haifiki vizuri. Ndipo mimi huchukua msumeno wa chuma, nikapita nyumba kwa nyumba, nikafungua, nikakata, nikafunga, nikapaka rangi ya kijani, bomba likarudi kwenye sentimita sitini kama siku ya kwanza. Wateja wanafurahi. Vipande huwa nawaachia. Dobi amevifanya nguzo za kamba zake. Kwangu nimeshakata mara kumi na moja, na kila mara nilimwambia mke wangu kwamba bomba zuri hupanda, ni dalili ya kisima chenye afya.

Hapa niliweka kalamu chini, ikabingirika mpaka mlangoni, nimekwenda kuiokota. Nimezisoma tena aya mbili zilizotangulia, moja baada ya nyingine. Naona hazihitaji kuwekwa karibu karibu hivyo, lakini karatasi safi zimeniishia. Ninachotaka kusema ni kwamba sitini ni sitini.

Kwa sababu hizo zote, naiomba kamati yako iitupilie mbali ripoti, imwelekeze mpimaji kuniomba radhi kwa maandishi mara sitini na tatu, na iamuru uwanja wangu urudishwe ulipokuwa kabla ya mwisho wa mwezi. Binti mumwache kazini, ila apewe kazi ya kupima vitu visivyoshuka.

Nisalimie sana Naibu. Nisalimie karani wa mapokezi, dereva wa gari la vipimo, mlinzi, na wote wanaofanya kazi hapo wakiwa wamesimama wima. Nisalimie wanakamati na jamaa zao. Mpimaji msimsalimie kwa niaba yangu, maana nimekasirika. Mwambieni tu kwamba mama yake anauliza kama anakula.

Wako mtiifu, nikiwa chini kidogo kuliko mwaka jana,

Fundi Kina

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Mke wangu ameifungua, ameisoma akiwa amesimama, na hakuniuliza neno kuhusu mlango wala mchuzi. Ameuliza tu vipande vyetu vya bomba viko wapi. Nikamwambia viko stoo, ni vichache, vidogo vidogo, twende nikuonyeshe.

Tumevikuta vimepangwa kando ya ukuta, cha zamani kwanza, na sakafu imefagiwa. Mimi sijawahi kuifagia stoo ile. Vipo vyote kumi na kimoja. Kila kimoja kimefungwa uzi wenye karatasi ndogo, na juu yake kuna mwaka na urefu kwa mwandiko wa binti yangu. Tarehe aliyoandika ni ya siku ile ya sponji, wakati mimi nilikuwa nimelala usingizi wa mchana baada ya kuushinda ubishi. Kwenye kipande cha mwisho amejumlisha: mita moja na sentimita ishirini na moja.

Nimeipekua ripoti yake kurasa zote kumi na nane. Visima vimo, jina langu limo, vipande havimo. Mstari mmoja tu ungemziba Naibu mdomo, na binti angeisubiri Alhamisi bila wasiwasi. Lakini mstari huo ungemwambia kila mtu kwamba Fundi Kina alikuwa anaona ardhi ikituondoka chini ya miguu, anaikata dalili kwa msumeno, na kuipaka rangi. Kazi yangu ameiandika kwa kuwa ni kweli. Ujinga wangu ameuficha, na yuko tayari kufukuzwa kwa ajili yake.

Na hata nikisema ujinga, najionea huruma. Mwaka wa tatu nilijua. Nilikuwa nimepiga goti pale kisimani, msumeno mkononi, nikajua kabisa kwamba bomba halipandi. Nikaogopa, Mheshimiwa. Nikafikiria visima vyote nilivyokwisha chimba na watu walionipigia makofi, nikakata, na mwezi uleule nikachimba vingine vitatu. Leo nimeona aibu mpaka nimekaa chini palepale stoo, na mke wangu akakaa karibu yangu.

Nafuta malalamiko yote saba. Pampu yangu nimeizima leo asubuhi. Nimeanza pia kupita kwa wateja mmoja mmoja nikiwaambia bomba lao limekatwa mara ngapi na wavipime wenyewe vipande nilivyowaachia. Dobi amenifukuza, mwoka mikate amenisikiliza mpaka mwisho na amekwenda kutazama ukuta wa chumba cha watoto wake. Alhamisi nitakuja mbele ya kamati na vipande vyote kumi na kimoja, karatasi zake zikiwa bado zimefungwa, na naomba nipewe nafasi ya kusema kabla ya Naibu. Ni vizito, kwa hiyo mtaniruhusu nipite na mkokoteni kwa geti la nyuma. Binti yangu msimwambie kwamba nakuja. Atanizuia.